Istilahi Ndani ya Sentensi: Funzo la Ngeli Kutokana na Ujenzi wa Plota ya Kuchorea Kadibodi

Utangulizi

Suala la iwapo Kiswahili kinaweza kumudu sayansi na teknolojia limejadiliwa kwa miaka mingi katika makongamano na katika kumbi za mihadhara. Mara nyingi mjadala huo huishia katika orodha: neno la kigeni upande mmoja, istilahi ya Kiswahili upande wa pili. Orodha hizo zina manufaa yake. Hata hivyo, hazijibu swali moja la msingi: je, istilahi hizo zikitiwa ndani ya sentensi, na sentensi hizo akapewa fundi mwenye bisibisi mkononi, kazi itafanyika? Istilahi haiishi katika orodha. Huishi katika sentensi, na sentensi ya Kiswahili huendeshwa na upatanisho wa kisarufi.

Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo kwa kutumia kifaa kimoja mahususi, yaani plota kubwa ya kujiundia inayotumika kuchora mistari juu ya kadibodi. Kifaa hiki kimeteuliwa kwa sababu tatu. Kwanza, kinaweza kuundwa na fundi wa kawaida kwa vipuri vinavyouzwa madukani. Pili, kina viungo vingi vinavyogusana, hivyo maelezo yake hayana budi kutaja vitu viwili au vitatu katika sentensi moja. Tatu, kosa la lugha katika maelezo hayo lina gharama: mkanda hukatika, kidhibiti huungua, au kidole hubanwa.

Wanaokihitaji kifaa hicho si wachache. Mtengenezaji wa masanduku huchora mistari ya kukata na ya kukunja kabla ya kushika kisu. Fundi wa viatu na fundi wa nguo hutumia violezo vya kadibodi. Wote hao hufanya kazi kwa rula na penseli, na kiolezo kikichakaa huanza upya. Iwapo maelezo ya kuunda mashine ya kuwapunguzia kazi hiyo yanapatikana kwa Kiingereza pekee, basi Kiswahili kimewaacha nje wasemaji wake wenyewe mlangoni pa karakana.

Plota ni nini?

Plota ni mashine inayochora kwa kalamu halisi. Kichapishi cha kawaida hupaka nukta za wino zilizopangwa mstari baada ya mstari hadi picha ikamilike. Plota haina nukta. Huishika kalamu na kuiburura kutoka mahali hadi mahali kama mkono wa mchoraji. Mashine za aina hii si ngeni. CalComp 565, iliyotolewa Marekani mwaka wa 1959, ilikuwa miongoni mwa plota za mwanzo kuunganishwa na kompyuta, nayo ilichora kwa kalamu ya wino juu ya karatasi iliyozungushwa na pipa.

Kwa muda mrefu mashine hizi zilikuwa mali ya ofisi za wahandisi. Hali ilibadilika kwa sababu ya mambo mawili. Mwaka wa 2005 bodi ndogo ya saketi iitwayo Arduino ilibuniwa mjini Ivrea, Italia, kwa ajili ya wanafunzi wasio wahandisi. Mwaka wa 2009 Simen Svale Skogsrud wa Norway alitoa GRBL, programu ya bure inayoiwezesha bodi hiyo kuendesha mota kwa amri za kuchonga na kuchora. Tangu hapo, anayejua kuchomelea vyuma na kuunganisha nyaya anaweza kujiundia plota yenye ukubwa anaoutaka.

Ujenzi kwa muhtasari

Kabla ya kuzijadili istilahi, ni vyema kuieleza mashine yenyewe. Msingi wake ni ubao wa plaiwudi wa futi 4 kwa 8, yaani takriban sentimita 122 kwa 244. Ubao huu huwekwa juu ya fremu ya chuma iliyonyooshwa kwa pimamaji. Kwenye pande mbili ndefu za fremu hulazwa reli mbili zinazokwenda sambamba. Juu ya reli hizo hukaa daraja, yaani boriti inayovuka upana wa ubao na kutembea kutoka mwanzo wa ubao hadi mwisho wake. Juu ya daraja hutembea kigari, nacho ndicho kinachobeba kalamu. Hivyo daraja huipeleka kalamu mbele na nyuma, na kigari huipeleka kushoto na kulia. Kwa mienendo hiyo miwili kalamu inaweza kufika popote juu ya ubao.

Daraja na kigari hutembea juu ya beringi. Beringi za namba 608, zenye tundu la milimita 8 na kipenyo cha nje cha milimita 22, hupatikana kwa urahisi na zinatosha. Mwendo hutoka kwenye mota za hatua. Mota ya namna hii haizunguki kiholela kama ya feni. Kila msukumo wa umeme huizungusha kipimo kimoja tu. Mota iliyozoeleka hutimiza mzunguko mmoja kwa hatua 200, yaani nyuzi 1.8 kwa hatua. Daraja huhitaji mota mbili, moja kila ncha. Likiendeshwa na mota moja, ncha yenye mota hutangulia, ncha ya pili huburutwa, na daraja hukwama likiwa limepinda. Kwa kuwa mota hizo mbili hutazamana, hazina budi kuzunguka kinyume ili zote zilipeleke daraja upande mmoja.

Mwendo wa mota huhamishwa na mkanda wenye meno. Ncha mbili za mkanda hufungwa kwenye ncha mbili za reli. Mkanda huzungushwa juu ya kapi la mota, na makapi mawili yasiyo na meno huukandamiza ili usiteleze. Mota ikizunguka, kapi hupanda juu ya mkanda, nalo daraja husogea.

Kalamu nayo haipaswi kukazwa kabisa. Kadibodi ya masanduku ina karatasi ya mawimbi katikati, na kwa kawaida huwa imejikunja kidogo. Kalamu iliyokazwa itaacha pengo mahali pa bonde na kuitoboa karatasi mahali pa kilima. Kwa hiyo huwekwa ndani ya bomba inamoweza kupanda na kushuka kwa uzito wake yenyewe, kisha mkono mdogo unaosukumwa na mota ya sevo huinyanyua wakati wa kuhama bila kuchora. Kadibodi hubanwa kwa vibanio au kwa vipande vya chuma kwenye kingo. Kalamu ya wino mzito yafaa zaidi ya ile yenye ncha ngumu, kwa kuwa ncha ngumu hulikandamiza wimbi na kuacha mfereji ambao baadaye utakunjika pasipotakiwa.

Hesabu na amri

Mkanda uliozoeleka una meno yaliyoachana kwa milimita 2. Kapi lenye meno 20 likizunguka mara moja, mkanda husogezwa milimita 40. Mota yenye hatua 200 husogeza milimita 0.2 kwa hatua. Kidhibiti kikiigawa kila hatua katika vipande 16, tunapata vipande 3,200 kwa milimita 40, yaani vipande 80 kwa milimita moja. Mstari wa kalamu una unene wa takriban milimita moja. Hivyo ugawaji huo unasaidia zaidi ulaini wa mwendo kuliko usahihi wa kipimo.

Hesabu ya karatasini sharti ithibitishwe kwa tepu. Ikiwa kalamu imeamriwa kwenda milimita 1,000 nayo ikaenda 994, kipimo kipya ni 80 mara 1,000 gawanya kwa 994, yaani takriban 80.48. Umraba nao hupimwa kwa kanuni ya kale ya maseremala: mstatili wa milimita 900 kwa 1,200 ukichorwa, mshazari wake uwe 1,500. Ikiwa mishazari miwili hailingani, ncha moja ya daraja imetangulia nyingine.

Amri zenyewe ni fupi. G21 husema vipimo ni vya milimita. G90 husema kila mahali pahesabiwe kutoka sifuri. Amri G1 X300 Y200 F3000 humaanisha: nenda kwa mstari ulionyooka hadi milimita 300 kwa 200, kwa kasi ya milimita 3,000 kwa dakika. Mwanafunzi wa sarufi atavutiwa na jambo moja. G1 ikishatajwa, huendelea kufanya kazi katika mistari inayofuata hata isipotajwa tena, mpaka amri nyingine iibadilishe. Hatuoni ugeni hapa. Tusemapo "alikuja, akaketi, akala", kitenzi cha kwanza huweka wakati, na kiambishi -ka- huupokea bila kuutaja upya. Vivyo hivyo tusemapo "chukua kalamu, uishushe, uchore", amri ya kwanza hufungua mlango, na vitenzi vya dhamira tegemezi hupita. Kiswahili kina muundo tayari wa kueleza kazi inayofuatana. Kikwazo kiko kwingine.

Tatizo la I-ZI

Tuchukue sasa sentensi ambayo mtu angeweza kuiandika kwa kutohoa kila neno:

"Belti ikilegea kwenye puli, ifungue, uisafishe, kisha uirudishe."

Maneno yote ni rahisi. Lakini ni nini kinachofunguliwa? Belti au puli? Msomaji hana njia ya kujua, kwa sababu nomino zote mbili zimeingia katika ngeli ya I-ZI. Sentensi yenye makosa ya tahajia humchelewesha fundi. Sentensi hii humpotosha. Akiifungua belti ilhali uchafu uko kwenye puli, atapoteza mkazo alioupima tangu mwanzo, na vipimo vyote vya mchoro vitayumba.

Tuiandike upya:

"Mkanda ukilegea kwenye kapi, lifungue, ulisafishe, kisha ulirudishe."

Utata umetoweka. Kiambishi li- kinaelekeza kwenye kapi pekee. Tungetaka mkanda ufunguliwe, tungesema "ufungue, uusafishe, kisha uurudishe". Hatukuongeza hata neno moja la ufafanuzi. Ngeli zimetufanyia kazi.

Hapa ndipo penye hoja kuu ya makala haya. Nomino zilizotoholewa za vitu visivyo na uhai huwa na mwelekeo wa kuingia katika I-ZI: mota, reli, fremu, beringi, belti, puli, draiva, sevo, programu. Tukiwa na nomino moja au mbili za aina hiyo hapana tatizo. Tukiwa na kumi katika aya moja, upatanisho wa kisarufi, ambao ndio nguzo ya uwazi wa Kiswahili, hukosa cha kutofautisha. Kila kitu huwa ni "i". Mjadala wa utohozi kwa kawaida huendeshwa kwa misingi ya fahari ya lugha: je, tunakopa mno? Swali zito zaidi ni la kisintaksia: je, tumekopa kiasi cha kuizima injini ya upatanisho?

Dawa ya KI- na madhara yake

Baadhi ya wasomi watapendekeza dawa iliyozoeleka, yaani kubuni majina kwa kiambishi ki-. Kwa mfano wa kichapishi, tungepata kichoraji kwa plota, kinyanyuzi kwa sevo, kiendeshi kwa draiva, na kidhibiti kwa bodi ya saketi. Uundaji huu una mantiki. Hata uchaguzi wa kiishio una maana: kikokotoo hungoja vidole vya mtumiaji, ilhali kichapishi kikipewa amri hujitendea. Plota hujitendea, kwa hiyo kichoraji ni bora kuliko kichoreo. Wala asidhani mtu kwamba ki- hudunisha ukubwa wa mashine ya futi nane. Kivuko cha Likoni hubeba magari na bado ni kivuko.

Pamoja na hayo, hebu tusome: "Kiendeshi kikiunguzwa na kidhibiti, kizime, kisha ukichomoe." Tumerudi tulikotoka. Tumeihama I-ZI iliyojaa na kuijaza KI-VI. Ubunifu wa istilahi unaotegemea kiambishi kimoja una hatari ile ile ya utohozi wa jumla, ila hatari hiyo imevaa vazi la Kiswahili.

Katika taaluma ya istilahi vigezo vya kutathmini vinajulikana, hasa vile vilivyopendekezwa na Kiingi kwa ufupisho wa PEGITOSCA, vinavyohusu usahihi, uwekevu, uzalishi, umataifa, uangavu, kuepuka yenye kutia aibu, utaratibu, uthabiti na kukubalika. Vigezo hivyo hulipima neno likiwa peke yake au likiwa pamoja na jamaa zake wa kimsamiati. Maoni yetu ni kwamba kwa Kiswahili yafaa kuongezwa kigezo cha mtawanyiko wa ngeli: istilahi za vitu vinavyogusana zisirundikwe katika ngeli moja, kadiri inavyowezekana.

Kigezo hiki hakidai maneno mapya. Kinyume chake, hutuelekeza kwenye hazina iliyopo. Mkanda (U-I), kapi (LI-YA), daraja (LI-YA), kigari (KI-VI), ubao (U-ZI), kalamu na reli (I-ZI) ni maneno ya kale au yaliyokwisha kuzoeleka, nayo yametawanyika yenyewe. Kapi linatoka baharini. Mabaharia wa pwani walipandisha tanga kwa kamba iitwayo henza ikipita kwenye kapi liitwalo gofia, kabla ya mkanda wa meno kuwaziwa. Kweli, wingi wake, makapi, huwakumbusha wengine pumba za mpunga. Lakini hakuna atakayetafuta pumba juu ya mota.

Je, jina la mashine yenyewe liwe nini? Makala haya yametumia plota kwa makusudi. Jina la mashine nzima hutajwa katika kichwa cha maelezo, dukani na katika mazungumzo na mafundi wa nchi nyingine. Hapo umataifa na kukubalika vina uzito mkubwa. Ni nadra jina hilo kugombania kiambishi na viungo vya ndani. Viungo ndivyo vinavyoshikwa kwa mkono, ndivyo vinavyogusana, na ndipo hatari ilipo. Kwa ufupi, jina la mashine linaweza kukopwa. Majina ya viungo vyake yasikopwe bila kupima ngeli.

Mitego mingine miwili

Mtego wa kwanza ni kiambishi u-. Hiki ni cha nafsi ya pili umoja na pia ni cha umoja wa ngeli ya U-I. "Ukilegea, mchoro utaharibika" yaweza kuwa ni onyo kuhusu mkanda au ni karipio kwa fundi mvivu. Mwandishi wa maelezo ya kiufundi hana budi kuirudia nomino mahali hapa: "Mkanda ukilegea, mchoro utaharibika." Urudiaji ambao mwalimu wa insha huukata kwa kalamu nyekundu ni usalama katika karakana.

Mtego wa pili ni neno hatua. Tumesema mota ina hatua 200. Maelezo nayo huandikwa kwa hatua: hatua ya kwanza, hatua ya pili. Matokeo ni sentensi kama "Katika hatua ya tatu, weka hatua 80". Neno moja haliwezi kubeba dhana mbili katika ukurasa mmoja. Tunapendekeza hatua ibaki kwa mota, na sehemu za maelezo ziitwe kazi: Kazi ya 1, Kazi ya 2.

Mfano wa mwisho unahusu usalama. Waya wa mota ukichomolewa wakati umeme unapita, saketi inayoiendesha mota hiyo yaweza kuungua papo hapo. Sentensi "Usichomoe waya wa mota ikiwa inawaka" ina kasoro mbili. "Inawaka" yaweza kumaanisha ina umeme au inateketea. Na mota iliyosimama tuli huku ikipata umeme haionekani kuwaka kwa maana yoyote. Afadhali kusema: "Zima umeme ukutani kwanza. Baada ya hapo, chomoa waya wa mota." Kilicho cha kwanza kutendwa kimekuwa cha kwanza kusomwa.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba uwezo wa Kiswahili katika teknolojia haupimwi kwa wingi wa istilahi zilizoorodheshwa, bali kwa sentensi ambazo mtu anaweza kuzifuata bila kuuliza. Ngeli, ambazo wanafunzi wengi huzikariri kwa ajili ya mtihani, ni chombo cha uwazi ambacho lugha nyingi hazina. Utohozi usiopimwa hukifisha chombo hicho. Ubunifu wa ki- usiopimwa hukifisha vilevile.

Kwa wanafunzi wenzetu tunapendekeza zoezi lifuatalo. Chagua kifaa chenye viungo vitano au zaidi: cherehani, baiskeli, pampu ya maji. Orodhesha viungo pamoja na ngeli zake. Andika maelezo ya kukifungua na kukiunganisha upya katika sentensi kumi, bila kurudia nomino pasipo lazima. Kisha mpe maelezo hayo mtu anayekijua kifaa lakini hakukuona ukiandika, umtazame akifanya kazi. Kila mahali atakaposita na kuuliza "ipi?" au "kipi?", hapo pana istilahi ya kufikiriwa upya.

Kwa wahadhiri na wakuza istilahi, tunaomba kwamba kila istilahi inayopendekezwa iambatanishwe na ngeli yake na angalau sentensi moja inayoitumia pamoja na istilahi jirani. Orodha itakuwa fupi zaidi. Lakini fundi wa Kamukunji au wa Mwembe Tayari akiifungua, ataweza kuitumia kuunda kitu.